Fangasi mmoja, dawa tatu: uchambuzi wa kisa cha homa ya uti wa mgongo

Mwanamume mwenye umri wa miaka 34 na uzito wa kilo 50 analetwa na dada yake katika hospitali ya mkoa akiwa na maumivu ya kichwa yaliyodumu wiki mbili bila kutulizwa na panado, homa ya vipindi, kutapika, na tatizo la kuona vitu viwili viwili. Anaishi na VVU, na aliacha kutumia ARV karibu mwaka mmoja uliopita. Shingo yake imekaza kidogo, anajibu maswali kwa kuchelewa, na hesabu ya CD4, chembe za kinga ambazo VVU huziangamiza, inatoka 28. Kipimo cha haraka cha damu kinachotafuta mabaki ya ganda la fangasi Cryptococcus neoformans kinatoa jibu chanya. Majimaji ya uti wa mgongo yanapochukuliwa, shinikizo lake linafikia sentimita 38 za maji, wakati zaidi ya 25 tayari ni kiwango cha kuchukuliwa hatua. Chini ya hadubini, tone lililochanganywa na wino mweusi linaonyesha seli za mviringo, baadhi zikichipua vichanga pembeni, na kila moja imezungukwa na duara jeupe. Duara hilo ni ganda zito la sukari ambalo wino hauwezi kulipenya.

Mgonjwa huyu ni wa kielelezo. Hakuna mtu mmoja aliye nyuma yake, ila kila dalili na kila namba niliyompa ni ya aina inayoonekana katika wodi zinazotibu ugonjwa huu Afrika Mashariki na Kusini. Nimemchagua kwa sababu matibabu yake yanakusanya katika kitanda kimoja dawa tatu za fangasi zinazofanya kazi kwa njia tatu tofauti, na kila moja inauacha salama mwili wa mwanadamu kwa kiasi chake na kwa sababu yake.

Ugumu unaanzia kwenye nasaba. Bakteria wako mbali nasi: ukuta wa seli yao umejengwa kwa vitu ambavyo mwili wetu hauna kabisa, na mitambo yao ya kutengeneza protini ina umbo tofauti na letu, ndiyo maana penisilini inaweza kutolewa kwa wingi sana na mgonjwa akabaki salama, maadamu hana mzio. Fangasi ni ndugu wa karibu wa wanyama, karibu kuliko mimea. Seli yake ina kiini kama yetu, inatengeneza protini kwa namna inayofanana mno na yetu, na kemia yake ya kuzalisha nishati ni ileile. Sumu nyingi zinazomuua fangasi zinatuua na sisi. Anayetafuta dawa ya fangasi anatafuta tofauti chache zilizobaki kati ya ndugu wawili, na upana wa kila tofauti ndio unaoamua mgonjwa atalipa gharama gani.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unapendekeza mgonjwa wa aina hii apewe dozi moja kubwa ya amfoterisini B iliyofungwa ndani ya vijipovu vya mafuta, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito, pamoja na flusitosini na flukonazo kwa siku 14. Hospitali hii haina amfoterisini ya vijipovu siku hiyo. Inayo ile ya zamani, iliyoyeyushwa kwa chumvi ya nyongo, na hivyo timu inachagua njia ya pili inayokubalika: amfoterisini ya zamani miligramu 1 kwa kilo kila siku kwa siku 7, pamoja na flusitosini miligramu 100 kwa kilo kwa siku, kisha flukonazo miligramu 1,200 kila siku kuanzia siku ya 8 hadi ya 14.

Kabla ya dawa yoyote kuingia, mililita 20 za majimaji ya uti wa mgongo zinatolewa ili kupunguza shinikizo. Kichwa kinapungua kuuma ndani ya saa moja. Hatua hiyo haihusiani na kemia ya dawa, lakini bila hiyo wagonjwa wengi wangefariki au kupofuka kabla dawa haijafanya kazi, na haipaswi kuahirishwa kwa kisingizio kwamba dozi ya kwanza imeshaanza.

Amfoterisini na mafuta mawili yanayofanana

Siku ya kwanza muuguzi anaanza na lita moja ya maji ya chumvi yenye potasiamu milimoli 20, kwa saa mbili. Kisha anatundika miligramu 50 za amfoterisini ndani ya lita moja ya glukosi ya asilimia 5, iingie polepole kwa saa nne. Lazima iwe glukosi, kwa sababu dawa hii ikikutana na maji ya chumvi inaganda na kutoa machicha ndani ya mrija. Rangi yake ni ya manjano, na wagonjwa wengi huikumbuka kwa rangi hiyo. Saa moja baadaye mgonjwa anaanza kutetemeka mpaka kitanda kinatikisika, na joto linapanda.

"Sista, mbona dawa ndiyo inamzidishia?" dada yake anauliza.

"Dawa hii huwafanya hivyo wengi, dada. Tutaipunguza mwendo na kumpa ya kutuliza homa, kisha tutaendelea," muuguzi anajibu huku akigeuza kidhibiti cha dripu.

Jibu hilo ni sahihi. Mtetemeko huo si dalili ya mzio. Amfoterisini inazishtua chembe za kinga za mwili wenyewe, zinamwaga kemikali za homa, na tukio hilo huwa jepesi zaidi katika dozi zinazofuata. Madhara ya kweli, yale yanayoua, hayapigi kelele. Yanatokea kwenye figo.

Ili kuyaelewa ni lazima kuangalia utando wa seli. Utando wa seli yetu na wa fangasi imejengwa kwa mafuta, na katikati ya mafuta hayo kuna molekuli ngumu bapa zinazoupa utando uimara. Kwetu molekuli hiyo ni kolesteroli. Kwa fangasi ni ergosteroli. Zote mbili ni pete nne za kaboni zilizounganishwa kwa mpangilio uleule, zikiwa na mkia upande mmoja. Ergosteroli ina vifungo viwili vya ziada vya jozi, kimoja kwenye pete na kimoja kwenye mkia, pamoja na tawi dogo la kaboni moja kwenye mkia huo. Hiyo ndiyo tofauti yote. Ni ndogo kiasi kwamba mwanafunzi anayezichora kwa haraka anaweza kuchanganya moja na nyingine, lakini inaifanya ergosteroli kunyooka kwa namna ambayo amfoterisini inaipenda zaidi ya kolesteroli.

Dawa hii ilitolewa mwaka 1955 kwa bakteria wa udongo, Streptomyces nodosus, aliyepatikana katika udongo wa bonde la mto Orinoco nchini Venezuela. Kwa miongo mingi ilifundishwa kwamba molekuli zake hujipanga kwa duara ndani ya utando na kutoboa tundu, potasiamu ikavuja na seli ikafa. Matundu hayo yapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kuna jambo kubwa zaidi: molekuli nyingi za dawa hukusanyika juu ya utando na kuunda kitu mfano wa sifongo, kinachofyonza ergosteroli na kuuacha utando bila mhimili wake. Maelezo haya ya pili yana uzito katika kisa chetu kwa sababu yanaonyesha kwamba usalama wa mgonjwa hautokani na dawa kutoigusa seli yake. Dawa inaigusa. Inaifyonza kolesteroli pia, ila kwa nguvu ndogo, na mahali inapokusanyika kwa wingi nguvu hiyo ndogo inatosha kuleta uharibifu.

Mahali hapo ni figo. Siku ya 5 kreatinini ya mgonjwa, yaani taka ya damu inayopanda figo zinaposhindwa kuichuja, inafika 190 kutoka 80 alipolazwa, na potasiamu inashuka hadi 2.8. Mambo mawili yanatokea kwa pamoja: mishipa midogo inayoingiza damu kwenye vichujio vya figo imebana, hivyo damu inayochujwa imepungua, na seli za mirija ya figo, ambazo kolesteroli ya tando zake imeguswa, zinashindwa kuhifadhi potasiamu na magnesiamu, ambazo zinapotea kwenye mkojo. Wekundu wa damu nao umeshuka kutoka 11.2 hadi 9.4, kwa kuwa figo iliyoumia hutoa kidogo ile homoni inayouamuru uboho kutengeneza damu. Ile lita ya maji ya chumvi iliyotangulia kila dozi ilikuwa kinga ya figo, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu ya matibabu inayodharauliwa kuliko zote. Panapokuwa na wagonjwa wengi na wauguzi wachache, dripu ya maji huonekana kama kitu cha kungoja, dozi inatundikwa bila maji kutangulia, na figo ndizo zinazolipa.

Timu inasitisha dozi ya siku hiyo, inaongeza maji hadi lita moja kila saa nane, na kurudisha potasiamu na magnesiamu. Siku ya 7 kreatinini imeanza kushuka, na amfoterisini inarudishwa kwa miligramu 35, yaani 0.7 kwa kilo.

Flusitosini, na mlango ambao hatuna

Dawa ya pili inafuata mantiki nyingine kabisa, na kwangu ndiyo yenye wazo safi kuliko zote tatu. Flusitosini iliundwa mwaka 1957 na wanakemia waliotafuta dawa ya saratani, na kwa saratani haikufaa kitu, kwa sababu seli za binadamu hazijui kuitumia. Fangasi anajua. Kwenye utando wake ana mlango maalumu wa kuingizia sitosini, moja ya herufi za vinasaba, na flusitosini, ambayo ni sitosini iliyobandikwa florini, inapita hapo bila kushukiwa. Ikishaingia, kimeng'enya cha fangasi kinachoitwa sitosini diaminasi kinaigeuza kuwa fluorourasili. Hii ya pili ni sumu halisi, na ndiyo dawa ya saratani inayotumika mpaka leo. Inaharibu RNA ya fangasi na kuzuia utengenezaji wa DNA mpya. Mwili wa mwanadamu hauna sitosini diaminasi, kwa hiyo kidonge alichokimeza mgonjwa kinazunguka kwenye damu yake kikiwa hakijawashwa, na kinawashwa ndani ya adui peke yake.

Tofauti hapa si ya kiwango, kama ilivyokuwa kwa kolesteroli na ergosteroli. Ni ya kuwa na kitu na kutokuwa nacho. Kinadharia mgonjwa angepaswa kuwa salama kabisa. Hali haiko hivyo, kwa sababu mwanadamu hatembei peke yake. Bakteria wa utumbo wake wana kimeng'enya hicho, na sehemu ya dawa inapowafikia wanaigeuza kuwa fluorourasili, inayoingia kwenye damu na kwenda kuupiga uboho. Chembe nyeupe zinashuka, chembe sahani zinazogandisha damu zinashuka, na kwa mtu mwenye CD4 ya 28 hilo ni jambo zito.

Hapo ndipo dawa mbili zinapokutana. Karibu flusitosini yote hutoka mwilini kupitia figo ikiwa haijabadilika. Amfoterisini inazichosha figo hizo, flusitosini inabaki kwenye damu muda mrefu zaidi, bakteria wa utumbo wanapata malighafi zaidi, na uboho unapokea sumu zaidi. Siku ya 5, kwa kreatinini ya 190, kasi ya figo za mgonjwa huyu kusafisha damu ilikuwa imeshuka kutoka takriban mililita 81 hadi 34 kwa dakika. Dozi ya flusitosini iliyokuwa miligramu 1,250 kila baada ya saa sita, yaani vidonge viwili na nusu, ilipaswa kuwa kila baada ya saa kumi na mbili. Ikiachwa vilevile kwa sababu tu fomu ya dawa iliandikwa siku ya kwanza, mgonjwa angepoteza kinga aliyopewa na kemia yenyewe. Timu hii ilibadilisha saa, ikapima damu kamili siku mbili baadaye, na kukuta chembe nyeupe ziko chini kidogo lakini hazijaanguka.

Swali la kawaida la wanafunzi ni kwa nini dawa nzuri kiasi hiki isitumike peke yake. Fangasi anajifunza haraka. Badiliko moja kwenye kimeng'enya au kwenye mlango linatosha kumfanya asidhurike na dawa, na akitibiwa kwa flusitosini pekee, fangasi sugu hujitokeza katika muda wa siku au wiki. Ikiambatana na amfoterisini, hali hubadilika. Utafiti wa ACTA, uliofanyika Tanzania, Malawi, Zambia na Cameroon na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba wiki moja ya amfoterisini pamoja na flusitosini iliacha vifo vya karibu asilimia 24 katika wiki kumi, na kwamba flusitosini ilikuwa mwenzi bora wa amfoterisini kuliko flukonazo. Inauma kwamba dawa iliyokwisha kutumika kwa binadamu tangu mwaka 1968 ilikosekana kwa muda mrefu katika hospitali nyingi za Afrika, ambako ndiko wagonjwa wengi zaidi wa ugonjwa huu walikuwa.

Flukonazo na chuma kilichozibwa

Siku ya 8 kreatinini iko 120 na mgonjwa anaanza flukonazo. Dawa hii haiugusi utando uliokwisha kujengwa, inazuia ujenzi. Fangasi hutengeneza ergosteroli kwa hatua nyingi, na katika hatua mojawapo kimeng'enya chenye chembe ya chuma katikati yake kinakata tawi moja la kaboni kutoka kwenye lanosteroli, malighafi ya ergosteroli. Flukonazo ina pete ndogo yenye nitrojeni tatu, na nitrojeni moja inaishika chembe hiyo ya chuma na kuiziba. Ergosteroli inapungua, lanosteroli zisizokatwa zinajaa kwenye utando, na seli inashindwa kukua.

Sisi pia tuna kimeng'enya hicho, tunakitumia kutengeneza kolesteroli. Kinachotuokoa ni kwamba sehemu nyingine ya flukonazo haikai vizuri ndani ya kimeng'enya chetu, na kwamba kolesteroli yetu nyingine tunaipata kwenye chakula. Ugumu wa kuufikia upendeleo huo unaonekana kwa dada yake mkubwa, ketokonazo, iliyotangulia miaka ya 1980. Ilishika pia vimeng'enya vyetu vinavyotengeneza testosteroni na kotisoli, baadhi ya wanaume wakaota matiti, na maini kadhaa yakaharibika mpaka vidonge vyake vikawekewa vikwazo vikali Marekani na Ulaya mwaka 2013.

Flukonazo inapenya vizuri kwenye ubongo, inamezwa, na ni nafuu. Hata hivyo inamzuia fangasi huyu kukua zaidi ya kumuua, na kwa mgonjwa asiye na kinga ya kumalizia kazi, kuanza na flukonazo peke yake ni kumwachia fangasi muda. Nafasi yake halali ni hii iliyopewa hapa: kushika lindo baada ya nyingine mbili kupunguza jeshi. Gharama yake haiko kwenye figo. Iko kwenye ini, ambako inazuia vimeng'enya vinavyosafisha dawa nyingine. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, anaweza kuvuja damu. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu anapata kinyume chake, yaani flukonazo yake ndiyo inayosafishwa haraka mno, na dozi yake inahitaji kuangaliwa upya.

Dawa ambayo ingekuwa salama zaidi

Daktari mmoja katika timu aliuliza kuhusu kaspofanjini, na swali hilo lilistahili jibu kamili. Kaspofanjini inazuia ujenzi wa glukani, kamba za sukari zinazouimarisha ukuta wa seli ya fangasi. Mwanadamu hana ukuta wa seli, hana glukani hiyo, na madhara ya kaspofanjini kwa mgonjwa ni machache ajabu. Kwa fangasi wa Candida kwenye damu ni dawa ya kwanza. Kwa Cryptococcus haifanyi kazi, na juu ya hilo haipenyi vizuri kwenye ubongo. Usalama wake kwa mwili hauna faida yoyote kwa mgonjwa huyu, na hata pale ambapo amfoterisini inatisha, si sahihi kumkimbilia mwenzake mpole asiyemdhuru adui.

Njia iliyoonyesha mafanikio ni ya kubadilisha usafiri badala ya silaha. Katika amfoterisini ya vijipovu, dawa imekalishwa ndani ya vipovu vidogo vya mafuta visivyofika nanomita 100, na mafuta hayo yamechanganywa na kolesteroli yenyewe. Amfoterisini inakaa na kolesteroli hiyo safarini, haimwagiki ovyo kwenye figo, na kipovu kinapofika kwenye ukuta wa fangasi inahamia kwenye ergosteroli inayoipenda zaidi. Udhaifu wa dawa, yaani kushikana na kolesteroli, umefanywa kuwa kamba ya kuifungia mpaka ifike. Utafiti wa AMBITION, uliochapishwa mwaka 2022 kutoka Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, ulilinganisha dozi moja ya aina hii, pamoja na flusitosini na flukonazo za siku 14, na njia ileile ya siku saba aliyopewa mgonjwa wetu. Vifo katika wiki kumi vilikuwa asilimia 24.8 dhidi ya 28.7, na madhara makubwa yalipata asilimia 50.0 ya wagonjwa dhidi ya 62.3. Kama kichupa kile kingekuwepo kwenye stoo siku ya kwanza, kreatinini ya 190 huenda isingeandikwa kwenye faili hili.

Mgonjwa alitoka hospitali siku ya 16. Kichwa hakimuumi, haoni tena viwili viwili, na majimaji ya uti wa mgongo yaliyooteshwa maabara siku ya 14 hayakuota fangasi. Karatasi yake inasema flukonazo miligramu 800 kila siku kwa wiki nane, kisha 200. ARV hazikuanzishwa wodini. Zitaanzishwa kati ya wiki ya nne na ya sita ya matibabu, kwa kuwa utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kuziwahisha katika ugonjwa huu kunaongeza vifo. Kreatinini, potasiamu na vipimo vya ini vitarudiwa baada ya wiki mbili. Flukonazo ya miligramu 200 itaendelea kwa angalau mwaka mmoja, na itaachwa CD4 ikiwa imefika 100 au zaidi na virusi havionekani kwenye kipimo. Dada yake ameelekezwa siku ya kliniki, na amepewa dalili mbili za kumrudisha hospitali bila kusubiri siku hiyo: kichwa kuanza kuuma tena, na macho kuwa ya manjano.